Sauti ya Pijo ya Katana

Sauti zilimhama Gharib polepole, moja baada ya nyingine, kama wageni watokao arusini bila ya kuaga. Kwanza ziliondoka zile nyembamba: birika likichemka, kengele za baiskeli, mbayuwayu waliojenga juu ya dirisha lake pale mtaani Mkanyageni. Kisha zikafuata herufi. Sabuni ikawa "abuni", shati likawa "ati", na maneno ya watu yakamfikia yakiwa yamekatika ncha. Mwisho ikaondoka sauti ya mkewe.

Swabaha alikuwa na sauti ya juu, nyembamba na safi, na enzi zake ndiye aliyekuwa akiongoza wanawake wa Mji wa Kale kwenye nyimbo za arusi. Gharib alimposa kwa ajili ya sauti hiyo kabla hajamwona uso. Sasa sauti iyo hiyo ndiyo iliyomponyoka kuliko zote. Midomo aliiona ikicheza, lakini baina yao pakabaki kimya kama cha chumba kilichofungwa siku nyingi.

Hakumwambia mtu. Alikuwa fundi wa magari, na ujanani alifanya kazi ndani ya vyumba vya injini za meli huko bandarini Kilindini, mahali ambapo watu huzungumza kwa ishara za mikono kwa sababu ya makelele. Alijua ya kuwa makelele yale ndiyo yaliyomla masikio. Alijua pia ya kuwa fundi asiyesikia ni mtu ambaye wateja hawatamwachia ufunguo wa gari. Basi akajifunza kujisaidia. Alishika injini kwa kiganja na kuitambua kwa mtetemo wake, akanusa moshi, akaweka ncha ya bisibisi refu kwenye chuma na mpini wake kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, na chuma kikamwambia habari zake kupitia mfupani. Kwa watu alitikisa kichwa kuitikia. Kwa mkewe alisema "Naam" kwa kila jambo, kisha akatoka mapema.

Ajabu ni kwamba kimya chenyewe hakikumchukiza. Kulikuwa na siku ambapo mji ulimjia kama kitu kilichozamishwa katika maji masafi. Alikaa kwenye kigari chake cha mbao cha kuingilia chini ya magari huko Shimanzi, katika pembe ya uwanja aliyokodi baina ya maghala mawili, akayatazama malori ya makontena yakipita bila sauti, mazito, ya polepole, kama wanyama wa ndotoni. Aliyasikia kwa nyayo. Vumbi lilinyanyuka likasimama juani, wapagazi walifungua vinywa kucheka na kicheko hakikutoka, naye Gharib akahisi kwamba ulimwengu unaota na yeye peke yake ndiye aliye macho. Au huenda yeye ndiye aliyekuwa akiota.

Siku ya Jumamosi moja ya mwaka tisini na tano, Katana aliingia uwanjani na gari yake nyeupe, Pijo 504. Katana alikuwa karani katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, mtu mrefu mwenye sauti nzito iliyotoka tumboni, na kwa sauti hiyo Gharib alimshukuru Mungu, kwani alimsikia karibu neno kwa neno.

"Salaam aleikum, fundi Gharib."

"Aleikumu salaam, bwana Katana. Habari za huko?"

"Njema, ila hii gari ina kitu. Nikikanyaga mafuta, yalia. Nikiachia, yanyamaza."

"Yalia vipi?"

Katana alijikuna kidevu, kama aliyeona haya. "Kama mtu akiita. Mamangu hataki kuipanda tena. Kila Jumatatu nampeleka kliniki ya macho, na Jumatatu iliyopita aliniamuru nisimame pale Mwembe Tayari, akashuka, akaenda kwa miguu na jua lile. Mzee yule, haoni vyema, ashika kuta! Nimekwenda kwa mafundi. Mmoja amebadilisha beringi za magurudumu. Mwingine amemwaga mafuta ya difu, zile gia za ekseli ya nyuma, akatia mapya. Bado yaita."

Walipanda wote wawili, wakapita njia ya maghala wakaelekea Makupa. Kila Katana alipokanyaga mafuta alimgeukia Gharib. "Hiyo! Waisikia? Hiyo!"

Gharib akatikisa kichwa kuitikia. Hakusikia kitu. Ila chini ya nyayo zake, ndani kabisa ya chuma, palikuwa na kitu kidogo, laini, kama paka aliyelala akikoroma. Hakuweza kujua kama chatoka mbele au nyuma. Kilikuja, kikaondoka.

"Niachie," akasema. "Jumatatu mchana uje."

Mchana wote ule aliizunguka ile Pijo. Aliiwasha ikiwa imesimama, akapandisha mafuta kwa mkono wake mwenyewe pale kwenye kabureta, akaishika injini hapa na pale kwa ncha ya bisibisi. Hakuna. Ilinguruma vizuri tu, kama gari yenye afya. Aliinyanyua kwa jeki akatikisa magurudumu, akapapasa bomba la ekzosi tangu mbele hadi mkiani kutafuta mahali panapovuja. Hakuna. Chochote kilichokuwa kikiita, kiliita gari ikienda tu, na ikienda kwa nguvu. Kwa hiyo palihitajika mtu wa kuendesha na mtu wa kusikiliza, na Gharib alikuwa nusu tu ya hesabu hiyo.

Usiku ule aliota kwamba yumo ndani ya chombo cha chuma, na nje kuna mtu akigonga. Alipoamka Jumapili asubuhi alibaki ameuangalia mgongo wa Swabaha, aliyekaa sakafuni dirishani akitunga asumini, jua likimpenya baina ya vidole. Akamwonea shauku ya ghafla, kama mtu aliyeko safarini. Na yeye alikuwa hapo hapo, hatua chache tu kutoka kitandani.

"Mamake Khubaib," akamwita. "Vaa buibui yako. Tutoke."

Swabaha aligeuka, sindano hewani. Muda mrefu hawakuwa wametoka pamoja. Tangu mtoto wao Khubaib aende kufanya kazi Maskati, kila mmoja alikuwa na njia zake. Alisema kitu, kifupi, macho yametoka.

"Naam," akajibu Gharib.

Uso wa Swabaha ukabadilika. Aliacha maua yakamwagika mkekani, akavaa buibui upesi upesi, akashuka ngazi mbele yake. Gharib alidhani amefurahi.

Pijo, aliyorudi nayo jioni iliyotangulia, ilikuwa imewekwa nje ya vichochoro, pale ambapo barabara inapata upana. Waliingia, wakaenda. Mji ulikuwa mwepesi asubuhi ile, maduka mengi yamefungwa, na upepo ulikuwa ukipepeta makaratasi barabarani kama anayeyasoma. Gharib alikanyaga mafuta akijaribu kuukumbuka ule mtetemo wa nyayoni. Walipofika karibu na Makupa ndipo alipomtupia mkewe jicho, akamwona analia. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye ukingo wa buibui, na mdomo ulikuwa ukienda, ukienda, ukimwambia maneno.

Alisimamisha gari kando, chini ya ukuta wa ghala.

"Walia nini?"

Alimtazama midomo kama alivyozoea kutazama injini. Swabaha alipaza sauti, na kwa kupaza ikateremka, ikawa nzito ya hasira, na maneno yakamfikia.

"Nakuuliza nani aliyekufa! Tangu nyumbani nakuuliza! Nimekuuliza kumefiwa, ukanijibu naam, na tangu hapo hutaki kuniambia ni nani! Ni Khubaib? Niambie, ni mwanangu?"

"La! La, hakuna aliyekufa, wallahi. Khubaib mzima."

"Basi kwa nini ukasema naam?"

Gharib aliweka mikono yote miwili juu ya usukani. Lori lilipita, gari ikatikisika kidogo.

"Kwa sababu sikukusikia," akasema.

"Hilo nalijua. Hunisikii muda sasa. Nasema na ukuta."

"Swabaha, nitazame. Sikusikii kwa masikio. Yamekufa. Ndiyo yaliyokufa, kama wataka kujua maiti ni nani."

Swabaha alimkazia macho. Kisha akanyanyua mkono akampiga begani, si kwa nguvu, akampiga tena, kama anayebisha hodi.

"Na mimi nikadhani umenichoka," akasema polepole, kwa sauti ile ya chini, ili amwone kila neno likitoka. "Nikajiambia, uzee umenijia vibaya, hata sauti yangu yamkera. Nikaacha kuimba nikiwa jikoni. Umeniacha nifikiri hivyo?"

"Niliogopa."

"Waniogopa mimi?"

Swabaha akafuta uso kwa ncha ya ushungi, akapiga kite, na hatimaye akauliza, "Na hapa tumekuja kufanya nini?"

Akamweleza: gari ya Katana, mama asiyetaka kuipanda, kitu kinachoita. Alimwambia ya kwamba hajui pa kuanzia. Swabaha alisikiliza bila kumkata kauli. Kisha akajikalisha vizuri, akakunja mikono mapajani kama alivyokuwa akikaa zamani kabla ya wimbo kuanza.

"Endesha," akasema.

Shimanzi siku ya Jumapili ni mji mwingine. Malango ya maghala yamefungwa, makontena yamepangwa juu ya mengine kama nyumba zisizo na watu, na njia ni pana na tupu. Walikubaliana kwamba Swabaha atamshika mkono kila sauti itakapokuja, ili Gharib asilazimike kuacha barabara amtazame. Akatia gia ya kwanza, ya pili, akakanyaga mafuta. Vidole vya Swabaha vikamkaza kifundo cha mkono. Akaachia mafuta, navyo vikamwachia. Akakanyaga tena, vikakaza. Wakaenda hivyo hadi mwisho wa njia, na wakageuka wakarudi. Jua lilikuwa likipita juu ya bati za maghala, na Gharib, kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, alihisi gari ikimwingia mwilini kupitia mkono wa mtu mwingine. Alitamani barabara ile isiishe.

Aliposimama akamwuliza, "Ikoje?"

"Si kilio. Ni mvumo. Kama mtu avumaye kwenye mdomo wa mtungi. Yaanza chini, yapanda kidogo, yakaa hapo hapo. Yasema tuuum, tuuum."

"Mvumo watoka wapi? Mbele? Nyuma kwenye magurudumu?"

Swabaha akafumba macho. "Chini ya miguu yangu. La, katikati yetu. Hapa, chini ya gia."

"Wasagika, kama chuma juu ya chuma? Au watetema?"

Alijaribu kumweleza, akashindwa, maneno hayakutosha. Akatazama nyuma na mbele. Njia ilikuwa tupu, kuna mbuzi tu aliyekuwa akitafuna boksi. Basi akasogea, akaweka mdomo wake uliofumba kwenye ule mfupa wa nyuma ya sikio la Gharib, akavuma.

Ulimwingia moja kwa moja. Ulipita kwenye mfupa ukashuka shingoni, ukatandaa kifuani, mvumo wa chini wenye mikwaruzo myembamba ndani yake. Gharib alijua mara moja kwamba hicho ni chuma chembamba kinachogusa kingine kidogo tu, kinakitetemesha, hakikisagi. Lakini alifumba macho kwanza, kwa sababu hiyo ilikuwa sauti ya mkewe. Imeshuka chini kabisa, imevaa nguo ya gari, lakini ni yake.

Swabaha akakoma akamtazama. "Umepata?"

"Rudia."

"Hukusikia?"

"Nimesikia. Rudia."

Akacheka, na akarudia.

Baadaye, Gharib alipokuwa akirudi kinyumenyume ili ageuze, aliona mkono wake uko huru, ingawa alikuwa amekanyaga mafuta kwelikweli. Akasimama.

"Mbona hukunishika?"

"Haikulia."

"Hata kidogo?"

"Kimya. Ukienda mbele yalia, ukirudi nyuma yanyamaza."

Hapo Gharib akakaa akifikiri, na fikira zikamjia taratibu na kwa mpango. Injini inapovuta gari kwenda mbele, yenyewe hujipinda upande mmoja. Ikivuta kwenda nyuma, hujipinda upande wa pili. Kama kitu kinagusa upande mmoja na hakigusi upande wa pili, basi injini yenyewe imeachiwa kucheza. Alishuka akafungua boneti.

"Njoo ukae hapa," akamwambia, akimwonyesha kiti cha dereva.

"Mimi? Sijui kuendesha!"

"Hutaendesha. Mguu wa kulia ukandamize breki, usiuondoe hata ukiona malaika. Wa kushoto, klachi. Nikikuashiria, uinyanyue kidogo tu, kama unayemfunua shuka mtoto aliyelala."

Akavuta breki ya mkono, akaweka mawe mbele ya magurudumu, akawasha injini, akatia gia ya kwanza kwa mkono wake kupitia dirishani. Kisha akasimama kando ya bampa, si mbele, na akamwashiria. Swabaha, uso umekaza, akainyanyua klachi kwa kiasi cha unyoya. Na ile injini ikajiinua. Iliinuka upande mmoja mbele ya macho ya Gharib, polepole, kama ngamia anayefikiri kama ainuke au abaki, ikalala tena Swabaha alipoirudisha klachi.

"Tena!"

Ikainuka tena. Palepale Gharib aliiona ile raba inayobeba injini upande wa kushoto. Ilikuwa imechanika katikati, na kila injini ilipoinuka ulifunguka mdomo mweusi. Akazima gari, akatandika gunia, akaingia chini. Kwenye bomba la ekzosi, sawa na pale Swabaha alipopaonyesha, palikuwa na alama ya kung'aa kama pete ya fedha, na juu yake, kwenye chuma cha kiunzi cha gari, alama ya pili. Jana mkono wake ulipita upande wa chini wa bomba. Juu hakufika.

Alimwita Swabaha ainame aone. Aliinama kweli, ushungi ukigusa vumbi.

"Yaani kila Katana akikanyaga mafuta, injini yajipinda, yasukuma bomba, bomba lagusa hapa, na gari nzima yavuma," akasema Gharib. "Beringi hazikuwa na makosa. Difu halikuwa na makosa."

"Masikini beringi," akasema Swabaha.

Jumatatu asubuhi maduka ya vipuri yalipofunguliwa, Gharib alinunua raba mpya mbili, akabadilisha ile iliyochanika na ya upande wa pili pia, kwa kuwa nayo ilikuwa imechoka, na bomba akalikaza kwenye vishikizo vyake mpaka likaacha nafasi. Katana alipofika mchana alikuwa ameandamana na mamake. Bibi Tumu alikuwa mwembamba, amejifunga leso mbili, na alisimama mbali na gari kana kwamba ni mbwa asiyemjua. Swabaha, aliyekuja na Gharib, alimwamkia shikamoo, akamshika mkono, akakaa naye nyuma.

Walikwenda hadi Liwatoni, wakapanda na kushuka. Katana alikanyaga mafuta mara ya kwanza kwa woga, kisha kwa nguvu. Gharib, aliyekaa mbele, alihisi nyayo zake zimetulia. Akageuka kumtazama Swabaha, naye akatikisa kichwa: hakuna.

Bibi Tumu alikuwa ametega sikio. Kisha akasema jambo, na Katana akapunguza mwendo, akacheka kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Asema aliyekuwa akimwita amenyamaza," akamweleza Gharib kwa sauti yake nzito. "Fundi, nilikuficha jambo, niliona haya. Hii gari ilikuwa ikimwita jina. Tuuumu, Tuuumu. Mamangu alidhani ni marehemu mamake mzazi, amwita amfuate."

Gharib alibaki amelitazama jicho la bibi yule, jeupe kidogo kwa ukungu, likitazama nje dirishani kwa mara ya kwanza bila kuogopa. Alikuwa amekusudia kunyamaza. Lakini aliona haya, siri ya mwanamke aliyeitwa na mauti kila wiki imesemwa mbele ya watu, na yeye bado anaficha.

"Bwana Katana," akasema, "si mimi niliyesikia. Mimi masikio yangu yamekwenda. Ni huyu mamake Khubaib."

Katana alitazama barabara. "Na ile juzi, uliponitikisia kichwa?"

"Nilikudanganya. Nisamehe."

"Haya," akasema Katana, akageuza gari kurudi Shimanzi.

Habari zilienea, kama zinavyoenea katika mji wa kisiwani. Mwenye malori mmoja alikuja akachukua lori lake likiwa limefunguliwa nusu. Wateja wawili watatu wa zamani walianza kupita wakitazama upande mwingine. Katana mwenyewe alikawia, kisha akarudi na gari ikihitaji breki, akasema naye uso kwa uso, polepole, na jambo lile halikutajwa. Daktari wa masikio alimtia Gharib taa masikioni, akamwambia kilichokwenda hakitarudi, na kilichobaki akitunze. Siku ambapo gari ilihitaji kusikilizwa, Swabaha alivaa buibui akaja Shimanzi, akakaa kitini na mikono mapajani. Siku nyingine alikataa, akasema ana maua yake.

Jioni moja ya siku hizo walikuwa wakirudi nyumbani kwa miguu, alasiri imeshapita, kuta za Mji wa Kale zimeanza kuwa na rangi ya asali. Kichochoro kilikuwa chembamba hata mabega yao yakagusana. Gharib aliona mdomo wa mkewe ukicheza kidogo, akainama.

"Wasema nini?"

Swabaha alimshika mkono, akaukaribisha mdomo wake kwenye ule mfupa wa nyuma ya sikio.

"Huku juu kuna mtoto asoma Kurani, ameruka aya na mwalimu hajamgundua," akasema. "Mkono wa kushoto kuna mtu apiga chapati. Muuza kahawa yuko nyuma yetu, bado hajafika. Na mimi naimba."

"Waimba nini?"

Hakumwambia. Aliendelea tu, na walitembea hivyo, kidogo kidogo, kichwa cha Gharib kimeinama upande mmoja, watu wakiwapisha.